Maua ya Kilima Chetu Yatapata Sheria Lini?



Mhariri aliniomba niandike juu ya kazi ya kapita wa wanafunzi, kama makapita wa darasa la sita wanavyofanyaka kila mwaka mbele ya kuondoka. Nilianza. Niliandika nusu ya ukurasa juu ya kengele, ufagio, na wale wanaochelewa sala ya asubuhi, kisha nikapasua karatasi. Hayo mnayajua, na wengine mnayajua vizuri sana kwa sababu niliandika majina yenu. Afazali niandike juu ya jambo moja linalokaa rohoni mwangu tangu mwaka jana. Ni juu ya maua. Msicheke bado.

Mwaka jana, mwezi wa ine, mvua ilipokuwa karibu kuisha, mwalimu wetu wa biyoloji alitupeleka, darasa la tano lote, kwenye kilima kimoja. Jina la kilima siandiki, na sababu mtaiona mbele. Tulitembea saa moja na nusu kwa miguu, wasichana wakiimba, wavulana tukijifanya hatuchoki. Kutoka mbali kile kilima kinafanana na kichwa cha mzee mwenye upara. Miti ya pori inapanda mpaka kwenye shingo, kisha inasimama pale, kama watu waliokatazwa na mlinzi kwenye mlango wa kampuni. Juu yake ni majani na mawe tu, na kati ya majani, maua.

Mwalimu akauliza: "Kwa nini miti haipandi?" Mmoja akajibu ni moto wa pori. Mwingine akasema ni mbuzi. Mwingine tena (jina lake sitaji, yuko internat, kitanda cha pili karibu na dirisha) akasema kilima kina mizimu. Mwalimu akacheka, akasema huyu wa mizimu amekaribia kuliko wote, maana kweli kuna kitu chini kinachoikataza miti, na kitu hicho ni shaba.

Maelezo yake niliyaandika katika daftari, nayatoa hapa kwa kifupi. Udongo wa kawaida una shaba kidogo sana, milligramu makumi machache tu katika kilo moja. Mmea unaihitaji hiyo kidogo, lakini ikizidi inageuka sumu, mizizi inaharibika. Kwenye vilima vyetu vya shaba na kobalti, kuanzia huku Kolwezi, kupita Tenke na Fungurume, Kambove na Likasi, mpaka upande wa Lubumbashi, shaba katika udongo inaweza kupita milligramu 10,000 katika kilo. Mti wa pori ukitupa mbegu pale, hauwezi kukua. Lakini kuna mimea midogo iliyozoea. Ilizoea tangu zamani sana, mbele ya mwanadamu kufika na jembe. Na kwa kuwa kila kilima kiko peke yake katikati ya pori, kama kisiwa katikati ya ziwa, mimea mingine ya huko haipatikani fasi ingine yoyote duniani.

Mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Paul Duvigneaud, alichunguza vilima hivi, na mwaka 1963 yeye na mwenzake Denaeyer-De Smet walitoa andiko kubwa juu ya shaba na mimea ya Katanga. Mwaka 2010 wataalamu wa Ubelgiji na wa kwetu, Faucon, Shutcha, Malaisse, Meerts na wenzao, walihesabu upya. Walikuta aina 32 zinazoota juu ya udongo wa shaba tu, na zingine 24 ambazo mara nyingi, zaidi ya robo tatu, zinaonekana juu ya udongo huo. Majina yenyewe yanasema: Acalypha cupricola, Cyanotis cupricola. Hilo neno cupricola ni Kilatini, maana yake mkaaji wa shaba. Nililipenda. Sisi wote wa Kolwezi ni cupricola.

Siku ile mwalimu alituonyesha hasa maua mawili.

La kwanza lilikuwa la bluu, likielekea zambarau kidogo, mmea wake haufiki gotini. Ni jamaa moja na lumba-lumba. Linaitwa Haumaniastrum, na wazungu walilipa jina la ua la shaba. Walikuwa na sababu. Wale waliotafuta madini walijifunza kuliangalia, kwa maana lilipoota kwa wingi, mara nyingi shaba ilikuwa chini. Hata wachimbuzi wa mambo ya kale walilifuata. Lilipoonekana limeota kama zulia katikati ya pori, pasipo kilima, walichimba wakakuta fasi wazee wetu walipoyeyushia shaba zamani, mbele ya mzungu yeyote, wakatengeneza ile misalaba ya shaba iliyokuwa feza ya wakati ule. Moto ulizimika karne nyingi zilizopita, na ua lingali linaonyesha fasi ya tanuru.

Mwaka 1977 mtaalamu Brooks aliandika kwamba katika majani makavu ya aina moja, Haumaniastrum robertii, alikuta kobalti zaidi ya gramu 10 katika kilo. Wengine baadaye walisema tuangalie vizuri, pengine sehemu kubwa ni vumbi lililokaa juu ya majani, haikunyonywa na mizizi. Mtu anayefua nguo Kolwezi wakati wa jua kali ataelewa upesi neno hili la vumbi. Tena watafiti wanafikiri kwamba Haumaniastrum katangense haikai kwenye shaba kwa kupenda sumu. Katika udongo mzuri inashambuliwa na kuvu kwenye mizizi, inakufa. Kwenye shaba adui zake hawawezi kuifuata. Ni kama mkimbizi aliyejenga juu ya mlima mukavu kwa sababu huko angalau hakuna wa kumpiga.

Ua la pili lilikuwa la manjano, dogo, umbo kama ua la mbaazi. Mwalimu alipiga magoti, akatoa miwani, akairudisha, akasema ni Crotalaria. Lakini Crotalaria ni ukoo mkubwa sana, na hii ni ipi hasa hakujua. Kuna moja inayoitwa Crotalaria cobalticola, kwa jina la kobalti. Hii yetu pengine ni hiyo, pengine siyo. Akakata tawi moja tu, akaliweka ndani ya gazeti la zamani, akakalia kamusi juu yake wakati wa kula mikate. Tulihesabu miche ya manjano: 43. Yote ilikuwa upande mmoja wa kilima, fasi isiyozidi kiwanja chetu cha basket.

Sasa nafika kwenye jambo langu.

Jumamosi ile nilirudi nyumbani. Mama alikuwa hajatoka sokoni. Yaya wangu alikuwako, anakula bukari na samaki. Yaya ni creuseur, kama vijana wengi wa mtaa wetu. Tangu baba afariki, yeye ndiye baba. Nilikuwa na furaha ya safari, nikamwambia:

"Yaya, tuliona mauwa ya shaba ku mulima. Ya bluu."

Akaacha kula. "Ya bluu? Mingi?"

"Mingi sana."

"Fasi gani?"

Nikamwambia. Nikamwambia na njia, na mti mkubwa wa kugeukia.

Ningeweza kuandika hapa kwamba sikujua kwa nini anauliza. Ningekuwa mwongo, na kapita aliyeandika waongo wengi katika kitabu cha nizamu hawezi kudanganya katika gazeti. Nilijua. Mtoto wa Kolwezi anajua. Mwaka 2014 mali ilipoonekana Kasulo, watu walichimba hata ndani ya nyumba zao, chini ya kitanda. Na mimi wakati ule jina langu lilikuwa kwenye karatasi ya wale wanaorudishwa nyumbani juu ya minervali. Nilikuwa nimesikia jina langu likisomwa mbele ya wote asubuhi ya Ijumaa. Nilipomwambia yaya njia ya kilima, sikuwa naongea juu ya maua tena.

Yaya alisema: "Mudogo, ile mauwa njo inatuonyeshaka. Fasi inaota mingi, pale chini kuko mali. Bazee balijuaka ile kintu tangu zamani."

Walienda watu sita. Walikaa wiki tatu na siku chache. Walitoa mifuko 37 wakaiuza kwenye depo, kwa bei ya depo, ninyi mnajua bei ya depo namna gani. Sehemu ya yaya ililipa minervali yangu ya mwaka mzima, deni la mama la makala, na dawa ya dada mdogo aliyekuwa na malaria. Jina langu likatoka kwenye karatasi. Mwezi wa tisa nikachaguliwa kapita. Kama yaya hangechimba, kapita wenu mwaka huu angekuwa mtu mwingine, pengine mpole zaidi.

Mwaka huu, mwezi wa ine, mwalimu alipeleka darasa la tano kilimani, akaniomba niende kusaidia kuangalia wadogo. Sikuweza kukataa. Tulikuta mashimo tisa. Mawili yalikuwa yameanguka, moja lilikuwa na maji na vyura. Katikati ya mashimo kulikuwa na marundo ya udongo mwekundu na wa kijani uliotolewa chini. Na juu ya marundo, ndugu zangu, kulikuwa na maua ya bluu. Mengi kuliko mwaka jana.

Kwa dakika kidogo nilifurahi, nikajiambia basi hakuna kosa. Baadaye yaya alisema vilevile nilipomwambia: "Unaona? Mauwa yako imerudia. Tuliilimia!" Lakini mwalimu alieleza wadogo, bila kuniangalia mimi, kwamba Haumaniastrum ni mmea wa mwaka mmoja unaopenda udongo uliochafuliwa. Ndiyo sababu uliota kwenye matanuru ya kale. Wataalamu wameona vivyo hivyo kwa mmea mwingine wa shaba, Crepidorhopalon tenuis, kwamba unaweza kupata faida kwenye udongo uliochimbwa. Hiyo ndiyo tabia ya baadhi yao. Lakini ndugu yake, Crepidorhopalon perennis, inajulikana fasi chache tu, na mingi kati ya hii mimea ya shaba inataka majani ya zamani, udongo ambao haujapinduliwa, mizizi iliyokaa miaka. Ukiigeuza, haijui tena kwake.

Tukatafuta ya manjano. Wadogo waligawanyika mistari kama tunavyotafuta mpira uliopotea. Tulihesabu miche mine, kati ya shimo la tano na la sita. Fasi ile ingine yote ilikuwa njia ya mifuko.

Wiki moja nilinyamaza. Kisha nikaenda nyumbani kwa mwalimu, jioni, nikamwambia kila kitu. Alikaa kimya muda mrefu. Akauliza: "Minervali ulilipa?" Nikasema ndiyo, mwalimu. Akasema: "Basi. Sasa ujifunze sheria, maana kilio chako hakitaotesha kitu." Akaniazima makaratasi, na nimeyasoma usiku wakati wengine walikuwa wanajitayarisha kwa Mtihani wa Serikali. (Baba Prefe akisoma hapa: nilijitayarisha pia.)

Mimi nilifikiri hakuna sheria. Kumbe ziko nyingi. Nchi yetu ilikuwa na amri ya kulinda viumbe ya tarehe 22 Agosti 1969, na mbele yake tayari kulikuwa na Parc ya Upemba, hapa katika Katanga yetu, tangu mwaka 1939. Kundelungu ilifuata mwaka 1970. Mwaka 1982 ilitoka sheria ya uwindaji yenye orodha ya wanyama, wale wasioguswa kabisa na wale wanaoguswa kwa ruhusa. Okapi yumo, kila mtoto anamjua, yuko hata kwenye noti. Kisha ikaja sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe vya asili. Hiyo ilichukua fasi ya ile ya 1969, na inaongea juu ya mimea pamoja na wanyama. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi. Na nchi yetu iliingia mwaka 1976 katika mapatano ya Washington juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kwa mapatano hayo mti wa afrormosia, ambao mbao zake zinauzwa Ulaya kwa bei kubwa, umewekwa chini ya ulinzi tangu mwaka 1992.

Nilisoma yote hayo nikaona tatizo moja. Sheria hizi nyingi zilimwangalia mwindaji na mfanyabiashara. Zinamkamata mtu aliyeshika kiumbe mkononi: pembe ya tembo, ngozi ya chui, kasuku ndani ya kikapu, mbao. Lakini nani amekamatwa hata siku moja kwenye barrière na mfuko wa maua ya manjano? Hakuna anayeliuza ua letu. Hakuna anayelichukia. Adui yake ni mtu anayetaka kitu kilicho chini yake, naye hata halioni. Yaya alilikanyaga wiki tatu, na nilipomwuliza lilikuwa la rangi gani alisema: "Kulikuwa mauwa ya manjano?"

Na sheria ya madini? Kode ya tarehe 11 Julai 2002, iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018, inataka kampuni ichunguze mazingira na watu mbele ya kuchimba, na iseme itatengeneza namna gani. Wachimbaji wa mkono nao wanatakiwa kuwa na karata na kukaa ndani ya eneo lililowekwa kwa ajili yao. Kwa hiyo kilima chetu kilikuwa tayari kimekatazwa kwa yaya. Angeweza kukamatwa. Sheria ilikuwako siku ile ile ua lilipokufa, ilikaa ndani ya karatasi, na sisi tulikuwa njaa.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Sheria inalinda kwa jina. Ili kiumbe kiingie kwenye orodha lazima mtu aseme: ni hiki, kinaitwa hivi, kiko fasi fulani, kimebaki kiasi hiki. Ua letu la manjano halina jina. Lile tawi liko ndani ya kabati ya mwalimu, kati ya magazeti, linangoja mtu anayekwenda Lubumbashi mwenye nafasi ya kulipeleka kwa wataalamu wa mimea. Linaweza kuwa kitu cha kawaida kinachoota vilima ishirini. Linaweza kuwa kitu kisichoota popote. Mwanafunzi ambaye jina lake halimo katika rejista, hata akikaa darasani mwaka mzima, siku ya mtihani hayuko.

Nilitafuta wengine walifanya namna gani. Marekani walitoa sheria kubwa ya viumbe vilivyo hatarini mwaka 1973. Mwaka 1976, katika jimbo la Maine, mtaalamu mmoja alikuta kando ya mto Saint John ua ambalo watu walifikiri limekwisha kupotea. Serikali ilikuwa inataka kujenga bwawa kubwa pale. Mwaka 1978 ua liliwekwa kwenye orodha, na bwawa halikujengwa. Si kwa sababu ya ua peke yake, gharama nazo ziligombanisha watu. Lakini kwanza watu walilazimishwa kusimama na kuliangalia.

Mfano wa Ubelgiji ulinishangaza zaidi. Wale waliokuja hapa mwaka 1906 kuanzisha Union Minière walikuwa na ua lao la madini huko kwao. Karibu na Kelmis na Plombières, fasi walipochimba zinki zamani, kunaota ua dogo la manjano linaloitwa Viola calaminaria, nalo linakaa kwenye udongo wa zinki kama letu kwenye udongo wa shaba. Leo majani ya udongo wa namna ile yako kwenye orodha ya sheria ya Ulaya ya mwaka 1992 juu ya makao ya viumbe. Tazameni vizuri: waliandika makao. Walielewa kwamba ua la namna hii haliwezi kulindwa kwa kukataza watu kulichuma. Linalindwa kwa kuacha udongo wake ulale.

Hata kwetu kuna mwanzo. Huko Tenke na Fungurume, katika Lualaba yetu, mgodi mkubwa ulioanza kutoa shaba mwaka 2009, wataalamu wa Gembloux na wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walifanya kazi pamoja na kampuni kukusanya mbegu, kuhamisha udongo pamoja na mimea yake, na kuacha sehemu ndogo za kulindia mimea ya shaba. Je, mmea uliohamishwa utakaa miaka 50? Mimi naona ni kama kuhamisha mzee kutoka kijijini: wengine wanazoea, wengine wanakaa wakitazama mlango. Lakini ni kazi ya kweli, na vijana wa nchi yetu wanaifanya. Kama nikipita Mtihani wa Serikali, nataka niende kuisomea.

Sasa mawazo yangu, na ninyi mwayapinge. Siombi vilima vyote vifungwe. Nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia haitafunga vilima juu ya maua, na mimi niliyelipiwa masomo na kilima nitaomba namna gani? Naomba orodha ya mimea ya shaba iingie katika sheria kwa majina, ile 32 kwanza. Naomba kila wilaya ya madini iache kilima kimoja, au hata nusu ya kilima, bila shimo la kampuni wala la mkono. Na mbele ya tingatinga kufika fasi ingine, mtu wa mimea apite kwanza, ahesabu, akusanye mbegu. Na wale sita waliofukuzwa na njaa wapewe fasi ya kuchimba kwa haki, karibu, yenye mali ya kweli, si fasi ya mawe matupu. Hili la mwisho si langu. Ni la yaya.

Maana nilimpelekea maneno haya yote mbele ya kumpa mhariri. Sikutaka kumwandika bila yeye kujua. Tuligombana kidogo. Aliniambia:

"Ile mauwa iko na bantu ba Ubelgiji bana ikokotea. Mimi nani ananikokotea? Mukitia sheria ya mauwa, polisi atakamata nani? Patron wa kampuni? Atanikamata mimi."

Sikuwa na jibu zuri. Nilisema sheria nzuri ingeanza na mkubwa. Akasema: "Onyesha moja yenye ilianza na mukubwa." Nikanyamaza. Neno lake limebaki hapa katika gazeti kwa sababu ni la kweli, na wale wa klabu ya mabishano wanaweza kulichukua muhula ujao.

Kisha nilimwuliza kama ile miche mine inaweza kuachwa. Alifikiri. Akasema mashimo ya tano na ya sita hayana kitu tena, "tulifika ku maji", hakuna mtu atakayerudi pale mvua hii. Lakini hawezi kusema kwa wengine wasiomjua. Kwa hiyo jina la kilima siandiki. Wadogo wa darasa la tano wanalijua, nao niliwaapisha, kwa nizamu yote niliyo nayo mpaka mwezi wa sita. Waliweka mawe kuzunguka miche, mawe ya kawaida, yasionekane kama alama. Mmoja wao atakayekuwa kapita mwaka ujao anajua atahesabu mwezi wa ine.

Yaya alisoma ukurasa wa mwisho kwa sauti, polepole, kidole chini ya mstari. Akasema kuna kosa. Nilikuwa nimeandika mifuko 30. "Ilikuwa makumi tatu na saba," akasema. "Andika muzuri." Nimesahihisha.